Daftari la Wanachama Ndani ya Kompyuta: Kikomo Chake na Kasi Yake

(Maelezo yaliyosomwa mbele ya makatibu na wajumbe wa Bodi za vyama vya msingi)



Katika chama cha ushirika hakuna kitabu kinachostahili uangalifu kuliko daftari la wanachama. Mizani yaweza kupimwa tena na fedha zaweza kuhesabiwa tena, lakini mtu ambaye jina lake halimo daftarini hana pa kusimama. Hapigi kura katika mkutano mkuu, haitwi siku ya malipo ya pili, na akifariki dunia warithi wake hawana cha kuonyesha. Kwa sababu hiyo Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inakitaka chama kiwe na daftari hilo, na kwa sababu hiyo hiyo yafaa kuangalia kwa makini hali ya daftari pale linapotolewa katika karatasi na kuingizwa katika kompyuta, kama vyama vingi vilivyokwisha kufanya.

Daftari la karatasi lilikuwa na sifa moja njema ambayo haitajwi mara nyingi. Ukurasa wake ukijaa, karani huuona umejaa. Hawezi kuendelea kuandika majina juu ya meza akadhani yamo kitabuni. Kompyuta haina sifa hiyo kila mara. Nayo ina kurasa zake, na kurasa hizo zina mwisho. Lakini ziko nyakati ambapo mwisho huo hupitwa bila mlio wala alama yoyote, na majina yanayofuata hayaandikwi popote. Jambo hili si la kubuni. Lilitokea mwaka 2020 katika nchi yenye wataalamu wengi na mitambo mingi, nalo lastahili kuelezwa kwa urefu.

Mwaka huo, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, maabara nchini England zilipima watu na kutuma majibu kwa idara ya afya ya umma iliyoitwa Public Health England. Idara hiyo ilitakiwa kuyapeleka majina ya waliokutwa na ugonjwa kwa watumishi wa ufuatiliaji, ili wagonjwa waulizwe wamekutana na nani, na hao waliokutana nao waambiwe wajitenge. Kwa maneno mengine, kazi nzima ilikuwa ni kazi ya orodha ya watu na mawasiliano yao. Majibu yalifika yakiwa katika mafaili ya maandishi matupu, ambayo hayana kikomo cha mistari. Kisha yaliingizwa, kwa utaratibu uliojiendesha wenyewe, katika majedwali ya Excel ya aina ya zamani, yale ambayo jina la faili huishia kwa herufi XLS. Jedwali la aina hiyo lina mistari 65,536, wala haliongezeki hata mmoja.

Mtu ataona kwamba mistari 65,536 ni mingi mno kwa orodha ya siku moja. Bila shaka ndivyo walivyoona na wao. Lakini jibu la mtu mmoja halikuchukua mstari mmoja. Lilichukua mistari kadhaa, hata faili moja likawa na nafasi ya watu wapatao 1,400 tu. Wagonjwa walipozidi idadi hiyo, waliosalia waliachwa nje. Hakuna aliyewafuta wala aliyewakataa. Mashine iliendelea na kazi yake kana kwamba hawakupata kuwapo. Kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba 2020 watu 15,841 waliachwa nje ya hesabu iliyotangazwa kila siku, na majina yao hayakuwafikia wafuatiliaji kwa wakati. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamekwisha kupewa majibu yao. Walioachwa gizani ni wale waliokaa nao nyumba moja, waliofanya nao kazi na kusafiri nao, ambao waliendelea na shughuli zao kwa siku kadhaa bila kujua lolote. Dawa iliyotumika haraka baada ya kosa kugunduliwa haikuwa ya ajabu: mafaili yaligawanywa yakawa madogo.

Kwa chama cha msingi, funzo la mkasa huo limo katika neno mistari. Katibu akiulizwa daftari lake lina ukubwa gani, atajibu kwa kutaja idadi ya wanachama. Jibu hilo ni sahihi kwa mkutano mkuu, lakini si sahihi kwa kompyuta. Chukulieni chama chenye wanachama 800. Ni chama cha kawaida, wala si kikubwa. Mwanachama mmoja huleta mazao mizanini mara 20 kwa msimu, na karani, kwa nia njema kabisa, huandika kila mzigo katika mstari wake pamoja na jina, kijiji na namba ya simu ya mwenye mzigo. Kwa msimu mmoja ni mistari 16,000. Kwa misimu minne ni mistari 64,000. Ukiondoa mstari mmoja wa vichwa vya safu, msimu wa tano unaanza na nafasi ya mistari 1,535, ambayo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya mahitaji yake. Chama kingali na wanachama wale wale 800, hakuna aliyejiunga wala aliyejitoa, lakini jedwali limekwisha.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 2007 Excel ina aina mpya ya faili, ile ya herufi XLSX, yenye mistari 1,048,576. Lakini aghalabu katibu haanzi faili jipya; huchukua la mwaka jana akalinakili, na la mwaka jana lilinakiliwa kutoka la mwaka juzi, hata aina ya zamani ikarithiwa kama shamba la babu. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama ni herufi za mwisho za jina la faili. Tena, faili jipya likihifadhiwa kwa aina ya zamani ili lisomeke katika kompyuta kuukuu ya jirani, mistari inayozidi kikomo hukatwa. Programu hutoa onyo kabla ya kukata, ila onyo hilo huja saa kumi na moja jioni wakati mlinzi amekwisha kushika funguo, na kidole hubonyeza «sawa» kabla ya jicho kusoma.

Huenda wengine wakashangaa kwa nini vikomo hivi vina namba za ajabu namna hii. Kompyuta huhesabu kwa kuzidisha mbili mara nyingi. Mbili ikizidishwa mara nane huzaa 256, ambayo ndiyo idadi ya safu katika jedwali la zamani. Ikizidishwa mara kumi na sita huzaa 65,536. Ikizidishwa mara ishirini huzaa 1,048,576. Kundi la WhatsApp nalo lilikuwa na nafasi ya watu 256 kwa miaka mingi, kabla ya kuongezwa mwaka 2022 hadi 512 na baadaye mwaka huo huo hadi 1,024. Na kadi nyingi za simu hupokea majina yapatayo 250 tu. Chama kinachotegemea simu ya katibu kuwa ndiyo daftari la mawasiliano kina kikomo hicho, pamoja na hatari kwamba simu huibwa.

Kikomo cha pili ni kidogo zaidi, nacho kimewasumbua wengi bila kujulikana. Kinahusu urefu wa namba. Namba ya kitambulisho cha Taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20. Excel, ikiachwa iione namba hiyo kama hesabu, hutunza tarakimu 15 za mwanzo tu na kuzigeuza tano za mwisho kuwa sifuri. Kwa macho namba huonekana kama kifupisho chenye nukta na herufi E, na karani hudhani ni suala la upana wa safu. Akiipanga safu ionyeshe namba nzima, atakuta sifuri tano pale palipokuwa na tarakimu za mtu. Tarakimu hizo hazirudi tena kwa kubadili mpangilio wa safu. Hurudi kwa kumwita mwanachama alete kitambulisho upya. Na kwa kuwa tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, watu wawili waliozaliwa siku moja na kujiandikisha mahali pamoja waweza kutokea na namba moja, jambo ambalo benki haitalipokea kwa upole. Namba ya simu hupatwa na dhara dogo zaidi: sifuri ya mwanzo hutoweka. Kinga ni moja kwa zote mbili. Safu ya kitambulisho, safu ya simu na safu ya akaunti ya benki zipangwe kuwa maandishi kabla ya namba ya kwanza kuandikwa, kwa sababu hazijumlishwi wala hazitolewi. Ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu.

Vyama vilivyopiga hatua vimeacha majedwali na kuingia katika hifadhidata, ambayo ni daftari lililotengenezwa hasa kwa ajili ya kumbukumbu. Hapa pana faida kubwa, yaani wanachama huandikwa katika jedwali lao mara moja tu, na mizigo ya mizanini huandikwa katika jedwali la pili, na kinachounganisha majedwali hayo mawili ni namba ya uanachama. Simu ya mwanachama ikibadilika husahihishwa mahali pamoja, wala si katika mistari ishirini ya kila msimu. Jina lisitumike kuwa kiungo. Mohamedi, Muhammad na Mohamed waweza kuwa mtu mmoja aliyeandikwa na makarani watatu, au watu watatu wa ukoo mmoja, na kompyuta haina namna ya kujua.

Lakini hifadhidata nayo ina kikomo. Faili moja la Microsoft Access, programu iliyozoeleka katika ofisi ndogo, haliruhusiwi kuzidi gigabaiti 2, na jedwali lake haliwezi kuwa na safu zaidi ya 255. Wauzaji husema kwamba nafasi hiyo haiwezi kujazwa na chama cha kijiji, nao husema kweli nusu. Maelezo ya mwanachama mmoja, yaani jina, kijiji, simu, hisa na mrithi, hayafiki herufi 500. Wanachama 5,000 ni herufi milioni mbili na nusu, kiasi cha megabaiti 2.5, ambacho ni kama kibaba ndani ya ghala. Kinachojaza ghala ni picha. Picha moja ya simu ya siku hizi yaweza kuwa megabaiti 2 au zaidi, na picha elfu moja za namna hiyo zikitiwa ndani ya faili, gigabaiti 2 zimekwisha kabla robo ya wanachama hao hawajapigwa picha. Picha zikipunguzwa hadi kilobaiti 30, ambazo zatosha kabisa kumtambua mtu dirishani, wanachama wote 5,000 huchukua megabaiti 150. Na vizuri zaidi ni kuziweka picha nje ya hifadhidata, katika folda yake, kila moja ikiitwa kwa namba ya mwenyewe.

Jambo jingine la Access huwashangaza watu. Kumbukumbu ikifutwa, faili halipungui. Nafasi yake hubaki kama shimo la mhogo uliong'olewa, mpaka katibu aiagize programu ilibane faili. Kwa hiyo faili laweza kuvimba kwa kazi ya kila siku ya kuandika na kufuta, ingawa wanachama hawaongezeki. Kulibana mara moja kwa mwezi, baada ya kuchukua nakala, ni kazi ya dakika chache.

Sasa kuhusu kasi. Malalamiko ya kawaida ni kwamba kompyuta «imechoka», na shauri linalotolewa kwenye kikao cha Bodi ni kununua nyingine. Mara nyingi mashine haina kosa. Daftari likiwa halina faharasa, kompyuta ikitafuta jina hulazimika kusoma tangu mstari wa kwanza, mmoja baada ya mwingine, kama mgeni anayemtafuta mwenyeji kwa kubisha hodi kila mlango. Kwa wanachama 5,000 hubisha wastani wa milango 2,500. Faharasa ni orodha ya pili iliyopangwa kwa utaratibu. Kompyuta hutazama katikati, ikiona jina liko mbele huiacha nusu ya nyuma yote, kisha hutazama katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo. Kwa njia hiyo majina 5,000 yanahitaji hatua zisizozidi 13, na majina milioni moja yanahitaji kama 20. Mtu aone jinsi orodha ilivyokua mara mia mbili na kazi ikaongezeka kwa hatua saba. Hapa ndipo tofauti ya daftari zuri na baya ilipo, kuliko bei ya mashine.

Pamoja na hayo, faharasa si za bure. Kila jina jipya likiingia halina budi kupangwa katika kila faharasa iliyopo, na daftari lenye faharasa ya kila safu huwa zito kuandika. Inatosha kuwa na faharasa ya namba ya uanachama, ya jina la ukoo, ya simu na ya kijiji, kwa maana hayo ndiyo maswali yanayoulizwa dirishani. Hakuna mwanachama aliyepata kutafutwa kwa tarehe aliyonunua hisa ya pili.

Kasi huharibika pia kwa sababu ya wengi kutumia faili moja kwa pamoja. Access inaruhusu watu hadi 255, lakini huo ni ukomo wa kitabuni. Ofisi yenye watu wachache tu wanaoandika kwa wakati mmoja hupata taabu zamani. Sababu ni kwamba faili limekaa tu katika kompyuta moja, na kila karani kwa kompyuta yake huenda kulisoma mwenyewe kupitia waya. Ikiwa hakuna faharasa inayofaa, sehemu kubwa ya jedwali husafirishwa ili jina moja lipatikane. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili laweza kuharibika. Hifadhidata za aina ya PostgreSQL au MySQL hufanya kazi kwa namna nyingine: iko programu moja inayolinda daftari, makarani hupeleka maswali na kupokea majibu, wala hakuna anayeligusa faili. Ni tofauti ya kumwingiza kila mteja ghalani na kumweka mtunza ghala mlangoni. Jedwali moja la PostgreSQL laweza kufikia terabaiti 32, na programu yenyewe haiuzwi. Gharama yake iko kwa mtu wa kuitunza, na gharama hiyo ni afadhali ibebwe na Chama Kikuu kwa niaba ya vyama vyote kuliko kila chama kuibeba peke yake.

Hapo katikati yafaa kutaja kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu daftari hili pia. Taarifa isiyo na kazi isikusanywe. Chama kinachouliza dini na majina ya watoto wote wa mwanachama kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi tupu kinajitafutia mzigo wa sheria na mzigo wa faili kwa pamoja.

Limebaki jambo kubwa zaidi, nalo halihitaji fedha. Walioachwa nje kule England wangeonekana siku ile ile kama pangekuwapo mtu au utaratibu wa kulinganisha namba mbili: waliotumwa na waliopokelewa. Makarani wa zamani waliijua kazi hii. Kila jioni walihesabu vipande vya stakabadhi na kulinganisha na mistari ya leja, na hawakufunga mlango mpaka hesabu mbili zikutane. Kuingia kwa kompyuta kumewafanya wengi waiache desturi hiyo kwa kuamini kwamba mashine haikosei. Mashine haikosei kujumlisha kile ilichopewa. Haiwezi kujumlisha kile kilichodondoka njiani.

Kwa hiyo kila orodha inapohamishwa, iwe kutoka mizanini kwenda ofisini, au kutoka faili la zamani kwenda jipya, au kutoka chama kwenda benki, iandikwe karatasini idadi ya mistari iliyoondoka na idadi iliyofika, pamoja na jumla ya kilo. Idadi peke yake haitoshi, kwa sababu mstari mmoja waweza kukosekana na mwingine ukajirudia, hesabu ikabaki sawa. Karatasi hiyo itiwe sahihi na watu wawili na kuwekwa katika jalada la msimu. Kisha yachukuliwe majina matatu: la kwanza, la mwisho na moja la katikati, yatafutwe katika daftari jipya. Jina la mwisho ndilo lenye ushahidi mkubwa, kwa kuwa anayekatwa na kikomo ni yule wa mwisho kuandikwa, naye kwa kawaida ni mwanachama mpya asiyejua hata wa kumlalamikia.

Vyama ambavyo majedwali yao yamepita nusu ya kikomo, yaani mistari 32,000 kwa aina ya zamani au gigabaiti moja kwa Access, vianze kuhama sasa, wakati ghala bado lina nafasi ya kugeukia. Uhamisho ufanyike baada ya msimu kufungwa, kamwe usifanyike katika majuma ya malipo. Faili la zamani lisifutwe. Lifungwe lisiandikwe tena, nakala moja ibaki ofisini na nyingine nje ya jengo, hadi mkutano mkuu utakapopokea hesabu za msimu wa kwanza wa daftari jipya. Na kabla ya mkutano huo orodha yote ya majina ichapishwe na kubandikwa ubaoni, kijiji kwa kijiji, kwa muda wa siku kumi na nne, ili kila mwanachama apite ajitafute mwenyewe kwa kidole chake.